Mwaka Kogwa wa kwanza bila mama mkwe: wenyeji wa Makunduchi naomba mwongozo

MshonajiMbagala

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, nimeolewa na mtu wa Makunduchi, Unguja, na tunaishi Mbagala, Dar es Salaam, ambako nina cherehani zangu. Mume wangu ndiye kifungua mimba kwao. Mama mkwe alifariki mwezi wa Rajabu, Mungu amrehemu, kwa hiyo Mwaka Kogwa unaokuja, hiyo sherehe yao ya mwaka mpya, utakuwa wa kwanza bila yeye. Juzi baba mkwe kapiga simu, akamsalimia mwanawe, akauliza watoto, kisha akasema: "Nyumba ya mama yenu isifungwe siku ya mwaka." Hakuongeza neno. Mume wangu alikaa kimya jioni nzima.

Miaka ya nyuma nikienda, nilikuwa nafika kila kitu kimeshakuwa tayari. Mama alikuwa na mikono myepesi, ukiamka umeshachelewa. Nakula, nabeba mtoto, nakwenda uwanjani na wifi zangu kutazama, narudi nakula tena. Sikupata kushika mwiko. Sasa naambiwa nyumba isifungwe, na mke wa mtoto mkubwa ni mimi.

Nisaidieni kwa kweli. Nifike siku ngapi kabla? Nianze na nini? Ule mwendo wa pwani alfajiri una utaratibu gani kwa wanawake? Nipike kiasi gani wakati sijui watakuja watu wangapi? Na je, nyumba yenye msiba wa miezi hii inafanya mwaka kama kawaida au inapunguza? Mtoto wangu wa kiume ana miaka 12, ameshasema anataka kuingia uwanjani kwenye kule kupigana kwa migomba, na mimi roho haijatulia. Halafu kuna rafiki yangu ananiambia mambo haya hayafai kidini. Sitaki kumkosea Mungu wala sitaki kumvunja moyo mzee wa watu.

Tarehe yenyewe pia kila mtu ananiambia yake.

---

MamaKajengwa

Waalaykum salaam, mkaza mwana wetu. Pole kwa msiba, Mungu amlaze mama mahali pema. Makunduchi ilivyo, huenda nimewahi kula wali wa mama mkwe wako na yeye akala wangu, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa ndani.

Mzee wako kasema jambo kubwa. Watu wa nje wakisikia Mwaka Kogwa wanafikiria uwanja wa Kae Kuu tu, migomba na moshi na kamera. Hayo yapo na yana wenyewe. Lakini mwaka wa Mmakunduchi unaingilia mlangoni kwake. Nyumba ambayo siku hiyo haikupata mgeni hata mmoja, wenyewe hawana furaha, wanaona kheri imewapita. Mama yangu alikuwa akinituma barabarani nimshike mkono mtu yeyote nimlete ale: mwalimu wa skuli aliyehamia, utingo wa gari, Mzungu aliyepotea njia. Nilikuwa naona haya, naye ananisukuma mgongoni. Kwa hiyo nyumba isifungwe maana yake hiyo. Atakayepita asipite na njaa mbele ya mlango wa marehemu.

Fika siku nne kabla ukiweza. Ukifika anza na jiko, sebule itangoja. Majivu yote ya zamani yatoke, mafiga yasogezwe, pafagiliwe chini yake. Zamani moto wa kijiji chote ulizimwa, ukawashwa mwingine kwa kupekecha vijiti. Hata Askofu Steere wa misheni, aliyekaa Unguja karne ya 19, aliliandika hilo, akaandika na ule mchanganyiko mkubwa wa nafaka na kunde uliopikwa ukaliwa na kila aliyetaka kuja. Siku hizi kiberiti kinatosha, na kama mama alikuwa na gesi basi pikia gesi. Ila chakula cha mwaka mpya hakipikwi juu ya majivu ya mwaka uliokwisha. Hilo kwetu hatulilegezi.

Kisha toa mikeka ya mama, ikung'ute, ianike juani. Usinunue mipya ukaificha ya kwake. Watakaokuja watakaa juu ya mikeka hiyo wakimtaja, na kutajwa huko ndiko baba mkwe wako anakokutaka ingawa hakusema.

Kuhusu msiba: mwaka huu nyumbani kwenu hapatakuwa na ngoma wala redio ya kutikisa ukuta, na jirani watalielewa bila kuambiwa. Chakula kisipungue. Sisi tulipofiwa na baba tulisoma khitma siku moja kabla, baada ya alasiri, tukawapa watu chai na maandazi, na asubuhi ya mwaka tukafungua mlango kama alivyokuwa akifungua yeye. Atakayekuja na kilio mpokee. Atakayekuja anacheka, mpokee vilevile, usimtazame vibaya, kwani siku hiyo ameamka kucheka.

Pwani mnakwenda alfajiri baada ya sala. Ulizia maji mapema, maana kwetu yakitoka yanakwenda mbali na mtatembea juu ya mawe na mwani mpaka miguu iwaume. Wanawake na watoto wa kike wanakaa upande wao, wanaume upande wao. Vaa kanga nzito ambazo hazikushiki mwilini zikirowa. Mkono mmoja mshike bintiyo, ingieni mpaka maji yafike kifuani kwake, mzamishe kidogo, na wewe jizamishe kichwa chote. Maji ya Julai ni baridi na upepo wa kusi unakata, atalia, usimkemee. Sema dua yako kwa maneno yako mwenyewe, ya kuombea watoto, kazi, afya na waliotangulia. Hakuna maneno maalumu ya kukariri. Mkitoka mnarudi nyumbani mkiwa mmerowa, mnabadili, mnavaa nguo zilizo nzuri kuliko zote mlizo nazo. Hapo ndipo watu wa Makunduchi wanapong'ara, na wewe mshonaji hilo sikufundishi.

Chakula. Kwa nyumba kama yenu tenga mchele kilo 10 hadi 15 wa siku ile moja. Samaki usitegemee kununua asubuhi yake. Kusi linapovuma wavuvi wengine hawatoki, na walio nao wanauza bei wanayotaka. Muweke mvuvi ahadi mapema, na akiba uwe na papa mkavu au ng'onda. Kunde na choroko mtapata hapohapo, watu wa maweni, kwenye ardhi ya mawe, wanalima. Nazi usihesabu, nunua mpaka uone zimezidi.

Na kuna kitu kimoja ambacho mama mkwe wako lazima alikifanya, kwa sababu nyumba zote za umri wake zilikifanya, nacho ni mkate wa kumimina. Mchele unarowekwa usiku, asubuhi unasagwa na tui zito, hamira, sukari na iliki, unaachwa uumuke mpaka uso wake ufanye vitundu vidogovidogo. Sufuria unaipaka mafuta kidogo na kuipasha moto kwanza, ndipo unamimina, unapeleka moto mdogo chini, na juu ya mfuniko unaweka makaa. Makaa ya juu ndiyo yanayotaka jicho. Yakiwa mengi mkate unaungua uso na ndani ni uji, na yakiwa machache unabaki mweupe kama mgonjwa. Ukisikia harufu ya iliki imebadilika ikawa ya sukari inayoiva, funua. Unageuza juu ya sinia, unakata vipande vya pembe, mgeni anaanza na hicho kabla ya wali. Jaribu nyumbani Mbagala wiki mbili kabla, usiende kujifunzia siku yenyewe.

Mwisho nakwambia la uzito kuliko mapishi. Mama amefariki mwezi wa Rajabu, na bila shaka kuna minazi na viwanja. Kama kuna maneno kati ya mume wako na ndugu zake kuhusu mali ya mama, akae nao ayamalize kabla ya siku hiyo, au angalau waombane radhi. Yule Steere aliandika pia kwamba siku ya mwaka watu walikuwa wakipigana kumaliza ugomvi wao wa zamani, na hakuna aliyeulizwa. Ndiyo asili ya ile migomba. Mnatoa ya moyoni yakatoka, mnakwenda kula sahani moja. Msiingie mwaka na kesi ya minazi.

---

AbuSulayman

Assalaam alaykum. Dada wa Mbagala, mimi ni mtoto wa Kusini, skuli nimesoma hukohuko, na huyo rafiki yako asikutishe wala usimpuuze.

Kusafisha nyumba, kumuosha mtoto baharini, kuvaa vizuri, kulisha watu, kuombana radhi na kumsomea marehemu khitma, sijaona ubaya ndani yake. Ninalolichunga mimi ni kwenda mizimuni kuomba, na kuamini kwamba moshi wa kile kibanda cha makuti kinachochomwa uwanjani unajua kitakachowapata watu mwaka mzima. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Mimi siku hiyo nafanya yote ya nyumbani, na kibanda kinapochomwa nakuwa nimeshaondoka uwanjani. Baba yangu hakuwahi kunilazimisha nibaki na mimi sikuwahi kumtukana kwa kubaki yeye. Tulikuwa tukikutana kwenye sinia.

Nakumbuka miaka ile mwezi wa Ramadhani ulipoangukia Julai, 2012 mpaka 2014. Nairuzi, yaani huu mwaka wetu, ikaingia ndani ya mfungo. Nyumbani kwetu wageni tuliwapa futari. Mama alisema mgeni ni mgeni, saa ndiyo imebadilika tu. Watu wakajaa ukumbini mpaka barazani, na sijawahi kuona mwaka uliopendeza kama ule.

---

MamaKajengwa

Ustadh, Mungu akulipe. Umesema kwa adabu na mimi sina la kukupinga kwa upande wa itikadi. Naongeza kwa ajili ya huyu mgeni wetu: wale wazee wa Kae Kuu nao wanaanza na dua, na wengi wao utawakuta msikitini Ijumaa safu ya mbele. Dini kwetu haikufika jana. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, hapo jirani, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 miladia. Watu hawa wameishi na Uislamu na mwaka wao kwa pamoja muda mrefu, kila mmoja akijua mahali pake pa kusimama. Wewe mkaza mwana una nyumba ya kuangalia. Ya uwanjani hutoulizwa.

---

NahodhaWaMtende

Habari zenu. Nimevua na kusafirisha kwa jahazi kabla ya mashine kuenea, sasa nimekaa. Najibu hilo la tarehe.

Kila mtu anakupa tarehe yake kwa sababu mwaka wetu haufuati kalenda ya ukutani wala haufuati mwezi. Ni mwaka wa jua wa siku 365 kamili. Hauna ile siku moja inayoongezwa Februari kila miaka minne. Kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja ukilinganisha na miladia. Miaka 120 ikipita umerudi mwezi mzima. Sisi wa umri wangu tunakumbuka mwaka ukiingia Agosti tulipokuwa wadogo. Sasa watu wanasherehekea kati ya tarehe 22 na 24 Julai. Mwambie mume wako amuulize baba yake, ndiyo tarehe sahihi kwenu.

Wazee wetu hawakuhitaji karatasi. Wiki 52 ni siku 364, inabaki moja. Basi mwaka ulioingia Jumatatu, ujao utaingia Jumanne, na unaofuata Jumatano. Mtu asiyejua kusoma anauhesabu mwaka kwa siku za wiki na hapotei.

Ndani ya mwaka tunahesabu miongo, siku kumikumi, 36 kwa jumla, halafu siku 5 za kufungia. Ukiukoga mwaka mwishoni mwa Julai, ukahesabu mia moja, uko mwanzoni mwa Novemba na mvua za vuli ziko mlangoni. Ukifika mia mbili uko Februari, kaskazi inavuma, majahazi ya kutoka Arabuni yamekwisha kushuka. Ukifika mia mbili na arobaini masika inanusa. Mkulima wa maweni na nahodha walikuwa wanazungumza hesabu moja. Ahmad bin Majid, nahodha mkubwa wa Julfar wa karne ya 15, alitaja misimu ya safari za Bahari ya Hindi kwa siku za Nairuzi hivyohivyo, ingawa Nairuzi ya wakati wake iliangukia Novemba. Na Waparsi wa India, ambao asili yao ni Uajemi, mpaka leo wengi wao mwaka wao huingia Agosti kwa sababu ileile ya kutokuongeza siku, wakati kule Uajemi wenyewe Nairuzi imefungwa mwezi Machi.

Nayasema haya kwa sababu vijana wanaona ni siku moja ya kucheza na migomba. Ile siku ni kichwa cha hesabu. Ukiikata, miongo yote inabaki kiwiliwili. Mfundishe mwanao wa miaka 12 kuhesabu mwongo wa kwanza, akiwa Mbagala, kwa vidole. Babu yake atafurahi kuliko akimletea zawadi ya dukani.

---

BintiMvita

Salaam kutoka Mombasa. Nimesoma mpaka macho yakanilowa, maana kwetu Siku ya Mwaka naikumbuka kwa kusimuliwa zaidi kuliko kuiona.

Bibi yangu, aliyekulia Mji wa Kale, alikuwa akisema ng'ombe alizungushwa mji kwanza, watu nyuma yake wakisoma dua, ndipo akatindwa na nyama ikagaiwa. Wazee wa Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wakenda kwenye kaburi la Shehe Mvita, mzee wa mji, kuomba. Bibi hakujali sana ng'ombe, alikuwa mtoto wa kike na nafasi yake ilikuwa ndani. Alilolikumbuka yeye ni kuamshwa usiku kwenda kukoga baharini na shangazi zake, na kurudi wakapewa chakula cha kila aina ya nafaka iliyomo nyumbani, mtele na pojo na kunde na mahindi, chungu kimoja. Alisema mama yake alikuwa akifungua makopo yote ya stoo na kutoa gao kidogo katika kila kopo, ili mwaka usije ukakuta kitu kimekosekana.

Dada, ukipata nafasi nifanyie jambo moja. Muulize baba mkwe mkewe aliyatia nini kwenye chungu chake, uandike. Mimi sikumuuliza bibi yote niliyotaka kujua na sasa hakuna wa kumuuliza.

---

KijanaWaNganani

Shikamooni wakubwa. Dada, kuhusu mtoto wako.

Uwanjani kuna pande mbili, Kusini na Kaskazini. Mtoto anaingia upande wa baba yake, kwa hiyo aende na ami zake, asiende na marafiki aliokutana nao pwani. Silaha ni migomba tu, ile ya maji iliyo laini. Wazee wanasema zamani zilikuwa fimbo, na ndiyo maana wakabadilisha. Ukiona mtu kashika kingine, wakubwa wanamnyang'anya. Inauma? Inauma kidogo, na nguo inachafuka kwa utomvu ambao hautoki, kwa hiyo asivae ile suti ya sikukuu. Fulana kuukuu na kaptula.

Mimi niliingia mara ya kwanza nikiwa na umri kama wake. Ami yangu alisimama nyuma yangu muda wote, mkono begani. Nikapigwa na binamu yangu ambaye tulikuwa hatusemezani tangu Ramadhani kwa sababu ya baiskeli, na mimi nikampiga mpaka mgomba ukanikatikia mkononi. Tulipotoka tukaenda kunywa maji mtungi mmoja. Baiskeli hakuna aliyeitaja tena. Sijui kama ningeweza kulimaliza lile kwa njia nyingine.

Kina mama wakati huo wanapita uwanjani makundi kwa makundi wakiimba, wamevaa, wamejipara. Nyimbo nyingine zina maneno makali na watu wanacheka, siku ile hakuna wa kukasirika. Binti yako mdogo mshike mkono, watu ni wengi.

Kibanda cha makuti kikichomwa, msisimame upande upepo unakoelekea. Kuna mtu anaingia ndani na moto ukishashika anatoka mbio, na watu wanapiga kelele za furaha akitoka mzima. Watoto wanapenda kusogea. Hapo ndipo mahali pekee ambapo nakwambia mshike hata huyo wa miaka 12.

---

MshonajiMbagala

Jamani, sina cha kuwalipa. Nimemsomea mume wangu majibu yote. Kwenye lile la minazi akainua kichwa akaniuliza, "Huyu mama anatujua?" Nikamwambia hatujui, anajua Makunduchi. Kesho yake akampigia simu mdogo wake. Waliongea muda mrefu na mimi nikatoka nje nikawaacha.

BintiMvita, nimemuuliza baba mkwe kama ulivyoniomba. Alikuwa mzito kusema mwanzoni, kisha akasema mama alikuwa anatia njugu mawe kwenye kunde kwa sababu yeye mzee anazipenda, na kwamba mwaka jana alimwambia mama anatia nyingi mno. Nimeandika.

Limebaki moja na ndilo linanikosesha usingizi. Wifi yangu mkubwa, anakaa Jang'ombe, Unguja mjini, ameleta ujumbe kwamba atakuja siku tatu kabla na kwamba jiko la mama yake anajua yeye linavyokwenda. Hakusema vibaya. Lakini mimi ndiye niliyeambiwa. Nikimwachia, nitaonekana nimekimbia kazi, na nikimzuia, nimeingia ugomvi na mtu aliyefiwa na mama yake. Nifanyeje?

---

MamaKajengwa

Mwanangu, umepata msaada na unauita tatizo.

Mwachie jiko. Yeye ndiye aliyekaa pembeni ya mama yake tangu hajaota meno ya pili, anajua chumvi ya mama ilikuwa kiasi gani, na mkono wake unalia kuliko mdomo wake. Anataka apike ili asikae bure akawaza. Ukimnyima hilo umemnyima msiba wake.

Wewe shika mlango. Mke wa kifungua mimba ndiye anayepokea. Wewe ndiye wa kumwambia mtu karibu, wa kumwagia maji ya mikono, wa kumtandikia mkeka, wa kuona nani amekaa muda mrefu hajapata sinia. Baba mkwe wako mketishe barazani mahali ambapo kila anayeingia atamuona kwanza, na uwe unapita kumwambia nani kaja, hasa kama macho yake si mazuri. Kazi hiyo inachosha kuliko jiko. Ukitaka kusaidia jikoni, mkate wa kumimina uwe wako, kwa kuwa umeshaujaribu Mbagala. Mwambie wifi yako, "Dada, mchuzi wa mama sitauweza, ni wako. Mkate niachie mimi." Msemeshe kabla hajaondoka Jang'ombe, usingoje mkutane mlangoni kila mmoja ana sufuria yake.

Na kwa kuwa wewe ni fundi, nunua kanga za namna moja kwa wifi zako wote na wewe mwenyewe, mvae sare. Mtakapopita uwanjani watu watajua hawa ni wa nyumba moja na hawajatengana. Hilo kwa nyumba iliyofiwa lina maana kuliko maneno.

---

MshonajiMbagala

Nimempigia wifi. Nilipomwambia mchuzi wa mama ni wake alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kanga nimeshanunua au bado, kwa sababu yeye anaijua rangi aliyoipenda mama. Tumekubaliana atanunua yeye Darajani na mimi nitapinda.

Tunavuka na boti siku tano kabla. Kutoka mjini tutapanda gari gani, na kuna kitu nibebe kutoka huku?

---

KijanaWaNganani

Gari namba 310, dada. Siku zile yanajaa, pandeni asubuhi na mizigo ifungwe juu vizuri. Mkifika nipeni taarifa hapa, tuje na ndugu zangu tubebe mchele.

---

MamaKajengwa

Beba hamira na iliki, na mbuzi ya nazi ya ziada. Za huku siku ile zinazunguka mtaa mzima, utajikuta umekaa na nazi zako unangoja. Na mimi mlango wenu nitaupita mchana wa saa saba, niwekee kipande cha pembeni, kile kilichokauka kidogo.